Waya mweusi

Nungwi, Unguja, Jumamosi, baada ya isha.

Leo jetiski yangu imewaka. Siku kumi na mbili ilikuwa imelala chini ya mti wa mkungu nyuma ya nyumba, na siku zote hizo sikuwa mtu wa kukaa naye. Naandika kwa sababu kuna kijana nilimtwika kosa lisilo lake. Na huenda yuko mwenzangu Paje au Kendwa ana jetiski kuukuu inayomsumbua vivi hivi.

Yangu ni ya 1996, silinda mbili, injini ya mipigo miwili. Ugonjwa wake ulikuwa huu: unabonyeza kitufe, ndani unasikia “tak!” mara moja, basi. Kimya. Ukibonyeza tena, tak. Halafu siku nyingine inazunguka na kuwaka kana kwamba haijapata kuumwa. Chombo kilichokufa kabisa hakinitishi, kwa sababu hakitoki ufukweni. Ninachokiogopa ni kile kinachowaka asubuhi kikakugomea adhuhuri, uko mbali.

Agosti kilimgomea mgeni. Alizima injini nje ya Kendwa apige picha, na haikuwaka tena. Kusi linavuma kutoka kusini, na sisi tuko ncha ya kaskazini ya kisiwa. Chombo kikikosa nguvu hapa hakirudishwi pwani, kinasukumwa nje, kwenye mkondo wa Pemba. Wavuvi wa ngalawa ndio waliomvuta mpaka kwenye mchanga, Mungu awalipe. Hakuumia. Lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka alipokuwa anavua jaketi la kuokolea, na jambo hilo bado ninalo moyoni.

Baada ya siku ile iliwaka wiki nzima bila ya tatizo, nikajidanganya kuwa imepona. Sasa kusi limekwisha, tumo kwenye tanga mbili, pepo zinapobadilika, na kaskazi likiingia wageni watajaa. Iliponigomea tena wiki mbili zilizopita, nilikasirika kabla sijafikiri. Mtoto wa kaka yangu ndiye anayenisaidia kazi. Nilimwambia ameacha swichi wazi, betri imekufa, na kwamba hana uangalifu.

“Ami, wallahi nilizima, na kamba ya kuzimia injini niliichomoa,” alisema.

Sikumsikiliza. Nilipanda daladala mpaka mjini, nikanunua betri mpya. Nikafunga, nikabonyeza. Tak.

Nikafungua stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, nikaipeleka kwa fundi. Akaiunga na betri mezani kwake, ikazunguka vizuri tu. Nikarudi nayo. Kisha nikasugua vichwa vya nyaya kwa msasa mpaka vikang'aa, nikavikaza, nikabonyeza. Tak. Hapo nilikuwa nimeshatoa pesa ya betri, nauli na ujira wa fundi, na kitu pekee ambacho sikuwa nimekifanya ni kupima.

Mita ya kupimia umeme ninayo. Ni ya marehemu baba. Aliinunua ule wakati wa giza, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa miezi mitatu bila ya umeme na kila mwenye duka akawa anatafuta jenereta. Baba alitengeneza jenereta usiku na mchana, na mimi nilikuwa namshikia tochi. Jambo alilolirudia sana ni kwamba umeme upimwe uko kazini. Umeme uliokaa kitako haukwambii kitu: hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuonyesha volti kamili, ilimradi hakuna kinachouvuta.

Alkhamisi jioni nikamwita kijana. Tuliondoa kiti kwanza tukaacha tumbo la mashine lipate hewa robo saa, maana mvuke wa petroli unatuama mle ndani na cheche moja inatosha. Ndiyo maana sikubali ule mchezo wa kuunga solenoidi, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye stata, kwa bisibisi. Nimeona wengi wanaufanya, na cheche zake ni kubwa.

Betri imekaa: volti 12.7. Nikamwambia abonyeze. Tak. Mita ikashuka mpaka 12.5, ikasimama hapo.

Hapo ndipo palipo na siri, na ningepasoma siku ya kwanza ningehifadhi pesa yangu. Stata inapozunguka inavuta umeme mwingi mno. Betri nzuri hushuka hadi kwenye kumi na kitu, na iliyochoka huanguka chini ya kumi. Yangu haikushuka hata robo volti. Maana yake betri haikuwa inaombwa kitu. Njiani palikuwa na kizuizi.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, sehemu isiyo na rangi. Kati ya sehemu mbili hizo kuna waya mweusi mnene tu, kwa hiyo hata mashine ikivuta, mita isionyeshe zaidi ya nusu volti.

“Bonyeza.”

Volti 11.

Kijana aliinama akaangalia mita, akaniangalia mimi. Karibu umeme wote ulikuwa unaishia kwenye waya ambao niliusugua kwa mkono wangu, nikaupitisha kuwa mzima. Solenoidi iliendelea kugonga kwa sababu ina waya wake mdogo unaorudi moja kwa moja kwenye betri, haupiti njia hiyo mbovu.

Tuliufungua. Kwa nje ulikuwa mzuri, mpira mweusi haujapasuka, kichwa kinang'aa. Ila karibu na kichwa ulikuwa umevimba kidogo, na ulipoukunja ulitoa mlio mkavu. Nikauchana kwa kisu. Unga wa kijani ukamwagika kiganjani. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekuwa nyeusi, ukizigusa zinakatika kama nyuzi za makumbi makavu. Nilihesabu saba tu zilizoshika, katika waya mnene kuliko kidole changu kidogo. Nikazidi kuuchana kuelekea kwenye injini: shibiri nzima ilikuwa hivyo hivyo. Maji ya chumvi yameingia pale kichwani na kupanda baina ya nyuzi kama mafuta kwenye utambi, yakala shaba polepole kwa miaka, ndani ya mpira, pasipoonekana. Siku za joto zile nyuzi saba zilishikana, siku nyingine zikaachana. Nadhani ndiyo sababu ilikuwa inawaka na kugoma.

Waya mpya niliupata kwa fundi wa boti za kitalii, wa shaba iliyopakwa bati, milimita za mraba 16. Bati linachelewesha kutu, na kwa chombo cha bahari mimi sitaki tena waya wa gari. Vichwa tumevibana kwa koleo lake, tukavivika mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani ili maji yasipate mlango, juu yake girisi. Upande hasi tumeufunga wa mwisho.

Leo alasiri tuliunga mpira wa bomba, injini ipate maji ya kuipoza ikiwa nchi kavu. Nilimkumbusha kijana: injini iwake kwanza ndipo ufungue maji, na maji yafungwe kabla ya kuzima, la sivyo maji yanaweza kurudi kwenye silinda. Nikamwachia kitufe yeye.

Haikugonga tak. Ilizunguka mara mbili ikawaka, moshi wa mafuta ukajaa chini ya mkungu, kuku wa jirani wakatawanyika. Nikapima tena wakati inazunguka: nusu volti haikufika.

Alipozima nilimwambia, mbele ya mama yake aliyekuja kuangalia kelele za nini, kwamba betri hakuiua yeye, na kwamba nilimsema bila ya haki, anisamehe. Aliinamisha kichwa akasema, “Yamekwisha, ami.” Kisha akaomba mita. Alitaka kujua ncha nyekundu inawekwa wapi ukipima upande wa pili, kutoka betri mpaka solenoidi, na kutoka solenoidi mpaka stata. Nikamwonyesha mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Waya mwekundu una umri ule ule. Kesho, inshallah, tutaupima, na mita ataishika yeye.