Kitabu nilichomshonea binti yangu

Binti yangu alipotimiza miaka mitatu, vitabu vyake vya picha vilikuwa vya mitumba, vimejaa dubu na pengwini. Alivipenda. Lakini kila tulipokwenda Iringa kwa bibi yake, basi lilipita katikati ya hifadhi ya Mikumi, kilomita kama 50 hivi, naye akaona twiga dirishani. Nyumbani hakukuwa na ukurasa hata mmoja wenye twiga. Nikaamua kumtengenezea mwenyewe.

Niliomba kalenda za zamani kwa majirani. Picha za watoto wa wanyama zilinisumbua kupata, kwani kalenda hupenda simba dume na machweo. Zilizokosekana nilichora kwa penseli za rangi. Nikabandika zote kwenye manila, nikashona kwa sindano ya magunia.

Mara ya kwanza niliandika majina tu: huyu ndama wa tembo, huyu shibli, mtoto wa simba. Alifunua mara moja akaenda zake kucheza. Iliniuma, maana nilikesha siku tatu.

Nikabandika karatasi juu ya maneno yale, nikaandika upya, safari hii kila mtoto anafanya jambo. Tembo mchanga ananyonya kwa mdomo, mkonga wake bado hajaujulia. Twiga anazaliwa mama akiwa amesimama, anadondoka chini puu! Baada ya muda si mrefu anasimama, miguu inatetemeka. (Hapo sharti nasi tutetemeke.) Fisi nilimweka kwa makusudi. Katika hadithi zetu ni mlafi na mjinga, nami nilitaka mwanangu aanze kumjua akiwa mtoto: mweusi tii, macho yamefumbuka tangu kuzaliwa, anamngoja mama shimoni.

Ukurasa wa swala ndio uliomteka. “Mama amekwenda kula. Mtoto amelala nyasini, kimya kabisa.” Maneno hayo tu. Akaanza kujifunika kitenge changu, “Mama, mimi swala, nenda ukale.” Nikawa naondoka hadi jikoni, narudi, namwita, anachomoka kunyonya kikombe cha uji. Tulicheza hivyo wiki nzima, na uji ambao zamani ulikuwa vita ukawa unakwisha.

Juzi tulipita tena Mikumi. Swala walikuwa wamesimama kando ya barabara, abiria wakaanza kupiga kelele na kunyoosha simu. Binti yangu hakuwatazama wale wakubwa. Alikuwa anachungulia nyasini, kidole mdomoni. “Mama, waambie wanyamaze. Amelala.”