Namba ya kwenye friji sio nyuzi joto

Jamani leo tuongee friji, maana hili jambo linanikera kwelikweli. Nyumba nyingi ninazoingia hapa Dar nakuta nobu ya friji ipo kwenye 1 au 2 halafu mwenye nyumba analalamika maziwa yanachacha mapema, mboga ya jana inanuka, ukimuuliza mbona umeshusha hivyo anakwambia naokoa LUKU, au anaamini kabisa ile 2 maana yake ni digrii mbili.

Sio digrii. Ile namba inaonyesha tu ukali wa baridi uliochagua, na kwenye friji nyingi za kuzungusha nobu namba ikipanda baridi inazidi, kwa hiyo kwenye 1 friji imepoa kidogo tu. Na 3 ya kwako hailingani na 3 ya jirani, labda ya kwako imebanwa jikoni pembeni ya jiko la gesi na ya kwake ipo sebuleni kwenye feni.

Unachotakiwa kukipata ndani ni nyuzi 3 au 4, isifike 5. Friza iwe hasi 18. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 maana hapo bakteria wanazaliana haraka sana, na ukishuka mpaka sifuri nako mchicha na matango yanaganda yanakuwa maji matupu.

Sasa utajuaje? Nunua themomita ndogo ya friji, weka glasi ya maji shelfu ya kati, itumbukize humo, funga mlango ulale. Asubuhi soma kabla watoto hawajaanza kufungua fungua. Kwa nini kwenye maji, kwa sababu hewa ya ndani inapata joto mlango ukifunguliwa tu, ila maji yanabadilika polepole kama vile mchuzi wako na maziwa yako yanavyobadilika, kwa hiyo hapo unasoma joto la chakula chenyewe. Ukikuta 8, sogeza nobu hatua moja tu halafu subiri mpaka kesho yake ndio usome tena, usizungushe mara tatu kwa siku maana utachanganyikiwa. Mimi kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, naweka 5, Julai hali ya hewa ikipoa narudisha 3, na glasi inasoma 4 misimu yote miwili.

Kingine, wanaonunua friji za mtumba angalieni stika ya ndani au nyuma, kuna herufi. N imetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST mwisho 38, T mwisho 43. Kwa joto letu la Februari na nyumba ya bati chukua T, ile N itahangaika kompresa haizimi na bado maji hayapoi vizuri.

Na hilo la kuokoa umeme lina njia zake. Vuta friji ukutani ipumue, barafu ikiwa nene kwenye friza iyeyushe (usichokonoe na kisu!!), na raba ya mlango ijaribu kwa kubana noti ya elfu mbili, ukiivuta ikatoka bila kukaza ujue baridi inavuja hapo.

Ila sababu kubwa ya mimi kulishikia bango hili ni mama. Anatumia insulini, na zile chupa ambazo hajazifungua zinatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda hata mara moja hiyo ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ukaiona iko sawa. Wengi wanaiweka juu kabisa chini ya kifriza, na kwenye friji ya mlango mmoja pale ndio baridi kali kuliko kote, wengine mlangoni ambapo joto linapanda kila mtu akichukua maji. Ya mama inakaa shelfu ya kati kwenye kibakuli, mbali na ukuta wa nyuma, jirani na ile glasi ya themomita.

Umeme ukikatika usifungue fungue. Friji ikibaki imefungwa inatunza baridi kama masaa manne, friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Ukirudi soma glasi kwanza. Ikiwa imepita 5 kwa zaidi ya masaa mawili basi samaki, nyama, wali na maziwa mwaga tu, usionje kujaribu, na kama kuna dawa humo mpigie mfamasia kabla mgonjwa hajachoma.