Siku moja na mtu wa taa

Saa 11 alfajiri simu inaniamsha, na kabla sijanawa uso nimeshakaa kitandani na betri 16 mapajani. Flashi ndogo ni tatu, kila moja inakula nne. Nne zinazobaki ni za triga, vidude vinavyoziamuru flashi ziwake kamera inapobonyezwa. Nazipima moja moja, kwa sababu betri moja mbovu kati ya nne inatosha kuilaza flashi nzima, na flashi ikilala mbele ya mteja anayelaumiwa ni mimi.

Kazi yangu ni taa. Bosi ndiye mpiga picha. Mimi nabeba, nafunga, nasogeza, nashikilia, na picha ikitoka nzuri watu wanaisifu kamera. Nina miaka sita kwenye kazi hii, na kila nikimweleza mtu ninachofanya hunijibu, "Aa, kumbe unashika taa." Ndiyo maana nimeamua kuiandika Jumamosi yangu iliyopita kama ilivyokwenda.

Saa 12 nipo barabarani. Nakaa Mbagala, studio iko Sinza, nabadilisha gari mara mbili na begi la stendi liko miguuni mwangu njia nzima.

Saa 2 nafungua. Studio yetu ni chumba cha mita 4 kwa 6, na kila asubuhi naanza na karatasi ya nyuma, ile nyeupe inayoshuka kutoka kwenye roli. Jana yake walisimama watoto wa mahafali na viatu vyao, kwa hiyo nakata karibu mita nzima iliyochafuka na kushusha safi. Kati ya saa 2 na saa 5 wamepita watu wanne wa pasipoti saizi na dada mmoja mwenye chupa 12 za mafuta ya nazi anazouza mtandaoni. Chupa tumezimaliza haraka: taa moja nyuma ili mafuta yang'ae kwa ndani, maboksi mawili meupe ya thamoko, ile povu ngumu nyepesi, pembeni kurudisha mwanga, basi.

Kisha nafunga mizigo ya nyumbani kwa mteja. Flashi kubwa mbili, softiboksi mbili (maboksi ya kitambaa yanayovikwa flashi kulainisha mwanga), mwavuli mmoja, stendi tatu, mifuko mitatu ya mchanga ya kukalia stendi zisianguke, rifleta (kitambaa cha kurudisha mwanga), ekstensheni mbili, na vidogo vingine vyote mpaka klipu. Jumla vitu 31. Naviandika kwenye daftari. Natoka na 31, narudi na 31.

Saa 6 mchana bajaji inatushusha Tabata. Ni picha za arobaini. Mama ametoka ndani na mtoto wake wa kwanza, bibi amekuja kutoka Unguja, na familia inataka picha pale pale sebuleni. Nikabisha hodi, nikamwamkia bibi shikamoo, nikaulizia soketi ziko wapi. Macho yangu yalikuwa yameshagota ukutani. Ukuta wa kijani. Kijani kile kilichoiva, kama jani la mgomba.

Asiyeijua kazi hii hawezi kuona tatizo. Mwanga ukigonga ukuta unachukua rangi ya ukuta na kurudi nayo. Kwenye ukumbi mkubwa unapotelea mbali. Kwenye sebule ya mita 3 kwa 4 unarudi moja kwa moja usoni, na mtoto wa siku 40 anatoka pichani kama mgonjwa. Nikamwomba mama mtoto shuka mbili nyeupe. Nikapanda kwenye stuli, nikazining'iniza kwenye mbao za pazia mpaka ukuta wa pembeni ukafunikwa wote.

Hapo ndipo baba mkubwa alipoanza. Ni kaka yake baba mtoto, na ndiye aliyempigia bosi simu tangu mwanzo.

"Binti, hayo mashuka ya nini? Sisi tumeita watu wa picha, hatujaita watu wa usafi."

Nikamweleza habari ya ukuta, kwa heshima. Akanisikiliza, akaenda swichini, akawasha balbu zote nne za dari. "Haya, mwanga huo hapo. Pigeni."

Bosi hupenda picha za mtoto zibaki na mwanga wa dirisha kidogo, ule mwororo, kwa hiyo shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, anaiweka ya taratibu, 1/60 ya sekunde hivi. Ukitumia shata hiyo balbu za njano nazo zinaingia pichani. Shavu la upande wa dirisha linakuwa la kawaida, la upande wa pili kama limepakwa binzari, na hakuna kompyuta itakayoyapatanisha mashavu mawili ya rangi mbili bila kuharibu kitu kingine. Nikaenda nikazima. Nikarudi kwenye stendi. Akawasha. Nikazima tena nikamwambia, "Baba, naomba zikae zimezimwa, nitakuonyesha sababu yake." Bosi akapiga picha mbili, moja na balbu, moja bila, nikamsogezea kamera. Akaziangalia sana. Akasema zote ni sawa.

Saa 7 na nusu bado hatujapiga picha hata moja ya kuhesabika. Joto la Dar mnalijua, na madirisha tulikuwa tumeyafunga ili shuka zisipepee. Jasho linaingia machoni na mikono yote miwili iko juu inafunga softiboksi, zile fito zake nne unazipinda mpaka vidole vinauma ndipo zinakaa kwenye tundu. Baba mkubwa kakaa nyuma yangu anahesabu kwa sauti. "Nusu saa. Dakika 40. Picha ni kubonyeza tu, jamani."

Naomba niseme kuhusu hiyo "kubonyeza tu", kwa sababu ndiyo inayoniuma. Baba mtoto ni mweusi kabisa, mweusi mzuri wa kung'aa. Mama mtoto ni maji ya kunde. Mtoto bado hajapata rangi yake. Bibi ni mweupe wa Kiunguja na amevaa miwani. Watu wanne kwenye kochi moja, na kila ngozi inapokea mwanga kwa namna yake. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anasafisha picha za rangi enzi za filamu, na alikuwa akinisimulia habari za kadi za Kodak, zile zilizoanza kusambazwa miaka ya 1950 zikiwa na picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa Shirley. Maabara zilipanga rangi mpaka Shirley atoke vizuri, na sisi wengine tutoke tutakavyotoka. Meno na macho. Mzee alisema alikwisha kuona maharusi wakilia kaunta kwa sababu bwana harusi amekuwa kivuli. Akanifundisha kwamba ngozi nyeusi huimwagii mwanga mwingi. Unaitafutia mwanga mpana, unaouleta kwa ubavu, ukateleza juu ya shavu na kuacha mng'ao. Uzuri wake uko kwenye mng'ao ule.

Halafu kuna umbali. Taa ikiwa mita 1 kutoka kwa mtoto na baba yuko mita 2, baba hapati nusu ya mwanga, anapata robo. Mtu mweusi kuliko wote ndiye aliyekuwa amekaa mbali kuliko wote, na ameketi hapo kwa sababu ni baba na baba hukaa mwisho wa kochi. Nikamwomba abadilishane na mama mtoto, aje upande wa taa. Baba mkubwa akauliza kwa nini namhamisha mwenye nyumba.

Bibi naye alikuwa na lake, lakini la bibi lilikuwa la haki. Alimfunika mjukuu uso kwa kanga akasema, "Mwanangu, radi hiyo itamdhuru mtoto macho." Sikumbishia. Nikaigeuza flashi ndogo ikatazama dari, nikamwomba afumbe macho, nikaipiga. Kisha nikamwambia mtoto tutampiga kwa mwanga unaorudi kutoka juu hivyo hivyo, tena akiwa amelala. Akaiondoa kanga.

Miwani yake ilichukua muda mwingine. Mwanga unavyogonga kioo ndivyo unavyorudi, na softiboksi ilikuwa inaonekana kwenye miwani kama madirisha mawili meupe, macho hayapo. Nikapandisha taa mpaka karibu na dari, yakashuka nusu. Nikamwomba ruhusa, nikainua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio yake, kioo kikainama kuelekea chini. Madirisha yakatoka. Macho ya bibi yakaonekana, ya kahawia, yamezungukwa na duara la kijivu la uzee.

Bibi akacheka. Akasema alipokuwa msichana alipelekwa kupigwa picha Mji Mkongwe, Capital Art Studio, ile iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Anakumbuka aliinuliwa kidevu kwa kidole kimoja, akageuzwa bega, akaambiwa asipumue, na kusubiri kulikuwa kurefu mpaka akataka kulia. "Picha ile ninayo mpaka leo," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe mkubwa. "Na wewe keti. Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake."

Akaketi. Tukapiga picha labda sita, nzuri kabisa, umeme ukakatika.

Flashi kubwa zinategemea soketi. Zote mbili kimya, feni kimya, na mtoto akaamka kwa ule ukimya. Ilikuwa saa 9 kasoro. Bosi akaniangalia bila kusema neno, na mimi nikaangalia dirisha.

Lilikuwa linatazama magharibi na jua lilikuwa limeanza kuingia, kali, la kukata kivuli kama kwa wembe. Nikashusha shuka moja ukutani nikaitandaza juu ya dirisha zima na kuibana kwa klipu nane. Sebule ikatulia. Dirisha lote likawa taa moja kubwa kuliko softiboksi yoyote tuliyonayo, na taa ikiwa kubwa na karibu vivuli vinalainika vyenyewe. Tukasukuma kochi, mimi na baba mtoto, mpaka likakaa ubavu kwa dirisha. Upande wa giza nikashika rifleta, upande wake mweupe.

Nikaishika saa nzima. Rifleta yenyewe ni nyepesi, ila mkono ulionyooka hewani saa nzima huwa mzito kuliko gunia. Mtoto ananyonya, tunasubiri. Analala, bosi anapiga tatu, mtoto anashtuka, tunasubiri tena. Wingu linapita, mwanga unashuka, nasogea hatua moja mbele. Wingu linaondoka, narudi. Bega la kulia lilianza kutetemeka nikahamia la kushoto. Hakuna aliyeniona na sikutaka anione. Nilikuwa naangalia shavu la baba mtoto tu, ule mng'ao, kwa sababu nikishusha mkono kidole kimoja unazimika.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipomaliza. Adhana ya alasiri ilikuwa imepita zamani. Nikawa nakunja nyaya, na kukunja kuna kanuni yake, ukiuzungusha waya kiwikoni unavunjika kwa ndani, na mikono yangu ilikuwa haishiki vizuri. Nikasikia baba mkubwa anamwambia bosi:

"Sasa hapa mtupunguzie. Umeme ulikatika, taa hamkutumia. Tuwalipe taa za nini?"

Nilisimama na waya mkononi. Nimezoea kunyamaza, bosi ndiye anayeongea na wateja. Lakini nikasema, "Baba, taa imetumika. Nimeitundika pale dirishani, na nimeishika kwa mkono huu." Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Hakujibu. Baba mtoto ndiye aliyeinuka, akatoa hela kamili, akaniomba radhi kwa niaba ya kaka yake. Bibi akanifungia vitumbua kwenye kitambaa.

Shuka nilizikunja nikamrudishia mama mtoto. Nilihesabu vitu mara mbili pale mlangoni: 30. Klipu moja. Nikarudi sebuleni, nikaikuta bado imeuma mbao ya pazia. 31.

Foleni ya kurudi Sinza, kushusha mizigo, gari mbili mpaka Mbagala, vyote vimenipita kama usingizi. Mfukoni nina shilingi 40,000 za siku. Usiku, nikiwa naoga kwa ndoo, nilishindwa kuinua kopo kwa mkono wa kulia.

Saa 4 bosi akanitumia picha moja. Baba mtoto amemwinamia mwanawe, na kutoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni kuna mstari mwembamba wa mwanga, weusi wake wote upo, hakuna kilichopotea. Nyuma yake bibi, miwani safi. Ukuta hauonekani kabisa. Nimeikuza kwa vidole mpaka nikaiona kwenye jicho la mtoto alama nyeupe ya mraba, ndogo kama punje ya mchele. Ndilo lile dirisha na shuka yake.

Kesho kuna muuza viatu wa Kariakoo, jozi 60, vyeusi vya kung'aa, na kiatu kinachong'aa kinaonyesha chumba kizima kama kioo. Itabidi nifike mapema nizungushe vitambaa vyeupe. Nimechomeka chaji, betri nane za kwanza. Nane zingine nitaamka saa 7 usiku kuzibadilisha.