Nilivyoimaliza foleni ya urojo Darajani

Wauza urojo hapa Darajani, Unguja, tupo wengi na bei zetu ni zile zile, kwa hiyo mie nikaamua nishindane kwa foleni. Jioni wateja walikuwa wanasimama mpaka wanachoka wanahamia kwa jirani. Nikashika saa ya simu nikapima kila hatua, kumwaga urojo wepesi tu, kukata viazi na kachori pia, kumbe panapokwama ni kwamba anayepakua ndo huyo huyo anapokea pesa na kutafuta chenji, halafu aoshe mikono ndo arudi kwenye bakuli (na lazima aoshe, hapo hatubishani). Basi pesa nikampa dogo mwengine, iwe taslimu au kwa simu, mpakuaji noti haigusi kabisa. Bajia nazo nikaiga kanbani, ule mtindo wa ishara wa kiwanda cha magari cha Toyota kule Japani, yaani trei ikifika nusu ndo ishara ya kukaanga nyengine, hatukaangi tena rundo likapoa. Sasa zinaliwa moto, zinazolala ni chache, na watu hawahami. Mishkaki tu ndo bado inachelewesha, jiko la mkaa dogo, nitaongeza la pili inshallah.