Nilivyoandika utaratibu wa afya wa shule ya bweni Masasi

Nilianza na daftari la wagonjwa la mwaka mzima, sera ilisubiri. Sera inayoandikwa kabla ya kusoma daftari hujaa magonjwa yasiyofika shuleni na kuyasahau yanayofika kila siku. Daftari lilionyesha homa mbele ya yote, kisha tumbo, pumu na vidonda vya ngozi. Kila tatizo nikaliwekea karatasi yake ukutani, na sera yenyewe ikaishia kurasa nne.

Sera inataja nani mwenye kauli. Utaratibu unaeleza mkono ufanye nini. "Mzazi ajulishwe" ni sera. Utaratibu ni kwamba fomu ya ridhaa iko kwenye faili la bluu kabatini, mzazi anapigiwa na mwalimu wa zamu, na gari la kwenda hospitali halimsubiri apokee simu.

Karatasi ya homa ndiyo iliyonilia muda. Nesi huondoka jioni, na anayegongewa mlango saa nane usiku ni matroni. Kwa hiyo niliigawa safu mbili: ya matroni na ya nesi. Matroni anapima joto kwapani, nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Anatazama dalili za hatari: degedege, kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, kushindwa kukaa au kusimama, kuhema kwa shida, macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ikiwapo hata moja, safari ni usiku huohuo. Mwanafunzi mwenye selimundu (sickle cell) akipata homa anapelekwa hata kama hana dalili nyingine, na jina lake liko kwenye bahasha ambayo matroni anaitunza, si ukutani.

Safu ya nesi inaanza na kipimo cha haraka cha malaria. Makosa mengi yanatokea kwenye kusoma. Vipimo vya kampuni tofauti vina idadi tofauti ya matone ya dawa na dakika tofauti za kusubiri, kwa hiyo niliacha nafasi mbili wazi, zinazojazwa kwa penseli kila boksi jipya linapofunguliwa. Saa ya kuweka damu inaandikwa juu ya kipimo chenyewe. Ukisoma mapema utamwita mgonjwa mzima; ukikisahau kwa saa nzima, mstari hafifu unaweza kukudanganya kuwa ni malaria. Mstari wa C, unaothibitisha kuwa kipimo kimefanya kazi, usipotokea, tupa upime upya. Na aliyetibiwa wiki mbili zilizopita asipimwe tena kwa kipimo hicho, maana mabaki ya vimelea hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata akiwa amepona. Huyo anahitaji hadubini.

Dawa mseto ya malaria (artemether-lumefantrine) inatolewa kwa kilo, si kwa kidato. Kuanzia kilo 35 ni vidonge 4 kila dozi. Kilo 25 hadi chini ya 35 ni vidonge 3. Kidato cha kwanza wapo wengi wembamba, kwa hiyo mizani inakaa karibu na kabati la dawa. Dozi ni sita kwa siku tatu, na ya pili inafuata baada ya saa 8. Hapo ndipo taratibu nyingi huvunjika: ukianza saa kumi jioni, dozi ya pili inaangukia saa sita usiku, na nesi hayupo. Nikaiingiza dozi hiyo kwenye safu ya matroni, na nesi anamkabidhi vidonge kwenye bahasha yenye jina, kilo na saa. Mwanafunzi anameza mbele ya matroni baada ya kula kitu chenye mafuta, hata uji wa karanga. Akitapika ndani ya nusu saa, anarudia. Dawa hazilali bwenini kamwe; siku ya pili homa ikishuka, mtoto huacha zilizobaki au humgawia rafiki.

Pumu ina msimu wake huku. Kuanzia Juni wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga), alfajiri umande ukiwapo, wakati wanafunzi wanafagia uwanja. Wenye pumu wanapewa kazi ya ndani miezi hiyo, na pampu ya salbutamol inakaa kwa mwanafunzi mwenyewe. Kuifungia kabatini ni hatari. Msimu wa mavuno linakuja tatizo la mafuta ya ganda la korosho, yanayochoma ngozi: futa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha sabuni na maji mengi. Maji peke yake hayayaondoi.

Rasimu niliipeleka kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri aipitishe kabla ya kubandika chochote. Siri za afya zilinichukua aya moja: daftari linafungwa kwa kufuli, na mwalimu wa darasa anaambiwa anachohitaji kumsaidia mtoto, si jina la ugonjwa.

Mwisho nilimpa matroni karatasi na mwanafunzi wa kuigiza, nikakaa kimya. Alikwama kwenye ufunguo wa kabati, uliokuwa kwa nesi. Sasa upo wa pili, na kila anayeuchukua anasaini saa na sababu. Karatasi zote zinapitiwa upya kila Mei, kabla vumbi la salfa halijaanza.