Bili ya theluji huja Aprili

Leo, hapa Fargo, jimbo la North Dakota, Marekani, nimelipa dola 2,600 kwa kufyonzewa maji na kung'olewa zulia. Bomba halikupasuka. Ni theluji ya Januari, ile ile niliyopiga nayo picha mkaisifia, imeyeyuka ikaingia kwenye chumba cha chini ya nyumba nikiwa nimelala.

Nawapigia watu wa bima, dada mwenye sauti ya asali ananiambia bima ya nyumba haihusu maji yanayotoka ardhini. Bima ya mafuriko hukatwa peke yake, na kwa kawaida ukiikata leo inaanza kazi baada ya siku 30. Kwa hiyo wewe unayepanga kuja kununua nyumba huku, ikate baridi ikiwa kali bado, usingoje kuona tope. Mimi kila nikiuliza habari za Fargo niliambiwa makoti na viatu. Maji hakuna aliyeyataja.

Tatizo ni kwamba ardhi huku huganda. Machi jua linawaka, juu panayeyuka, chini bado jiwe, maji hayana pa kunywea. Na theluji iliyokaa msimu mzima imeshindiliwa. Ile mpya, inchi 10 hutoa kama inchi moja ya maji. Hii kongwe hutoa mara mbili, hata tatu ya hapo. Na mimi nilikuwa nairundika ukutani mwa nyumba, kwa uvivu wa kuibeba mbali!

Halafu mto wenyewe, Red River, unakwenda kaskazini, kuelekea Kanada. Huku kwetu kunayeyuka kwanza, maji yanaondoka, mbele yanakuta barafu. Bonde ni tambarare kama mkeka, basi yanatapakaa. Mwaka 1997 karibu mji mzima wa Grand Forks ulihamishwa. Mwaka 2009 hapa Fargo mto ulifika futi 40.84, watu wakajaza mamilioni ya mifuko ya mchanga. Wazee wa hapa wanazitaja futi hizo kama tarehe za kuzaliwa watoto wao.

Ombeni mchana wa joto kiasi na usiku wa kuganda, ili iyeyuke kidogo kidogo. Mvua ikinyesha juu ya theluji, hapo ndipo kuna balaa. Asubuhi tembea kama bata, maji ya jana yamekuwa kioo.

Pampu ya shimoni, ile inayovuta maji yanayojikusanya chini ya nyumba na kuyatoa nje, ninayo, lakini umeme ulikatika. Ndiyo, huku huku. Chekeni tu.

Saa nane usiku nahangaika na ndoo na tochi, mlango unagongwa. Jirani. Miaka minne tumepungiana mikono tu, nikamwona mtu wa majivuno. Kaja na pampu yake na betri, kavaa buti hadi mapajani, hakusema hata pole. Alikaa hadi kunakucha, kisha akauliza mabomba ya paa langu yanamwaga wapi. Yalikuwa yanamwaga mguuni mwa ukuta. Akaenda gereji kwake, akarudi na vipande viwili, akayarefusha hadi futi sita kutoka nyumbani. Hela alikataa, chai akanywa vikombe vitatu.

Akiondoka akaniambia mto bado unapanda. Vyeti na pasipoti za watoto nimeshavipandisha juu ya kabati, ghorofani.