Kitabu cha takwimu kilicholipiwa Canada, tukakisomea Ngamiani, Tanga

Ukisoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huku unafanya kazi, kitabu ndiyo mwalimu unayekutana naye kila siku. Chuo kimejengwa hivyo tangu kilipoanzishwa mwaka 1992. Kituo cha mkoa kipo hapa Tanga na wahadhiri wanasaidia, ila saa nyingi za kusoma ni za usiku, baada ya kazi, uko peke yako na karatasi zako.

Kundi letu la mjadala lilikwama kwenye takwimu za biashara. Kitabu kizuri cha dukani bei yake haishikiki. Kopi tulizopeana zilikuwa kopi za kopi, zimefifia kiasi kwamba kwenye fomula hujui kama alama ni ya kutoa au ni uchafu wa mashine.

PDF za bure hazikuwa shida, zimejaa WhatsApp. Mimi nilitaka kitabu ambacho ningeweza kukichapa kwa amani na kukibadilisha. Mkutubi mmoja akanielekeza nitafute nyenzo huria za elimu, yaani zile ambazo mwenyewe ameruhusu zitumike na kubadilishwa bure, na akanisisitizia nianze kusoma ukurasa wa leseni kabla ya sura ya kwanza. Nikapata kitabu cha takwimu za biashara kutoka jimbo la British Columbia, Canada. Mwaka 2012 serikali ya jimbo hilo ilitangaza kugharimia vitabu huria kwa masomo 40 ya vyuo yenye wanafunzi wengi zaidi, kazi ikasimamiwa na taasisi inayoitwa BCcampus. Kitabu chenyewe kilikuwa cha mwalimu wa Marekani. Wakanada wakakichukua, wakakirekebisha kwa ajili ya wanafunzi wao. Leseni inaruhusu yeyote kunakili, kuchapa, kutafsiri na kubadilisha, mradi amtaje mwandishi na aonyeshe alichobadilisha.

Leseni hiyo ilinisaidia mapema kuliko nilivyodhani. Mzee wa steshenari alipoona ni kitabu kizima aliisukuma flashi pembeni.

"Mwanangu, vitabu vya watu sivichapi. COSOTA, watu wa hakimiliki, wakija utanisaidia?"

"Shikamoo baba. Hebu soma hapa kwanza."

Nikamfungulia ule ukurasa, nikamweleza mstari kwa mstari. Akavaa miwani, akauliza maswali, hasa kuhusu yeye kulipwa kwa kazi ya kuchapa. Aliporidhika akachapa sura tulizohitaji, akazibaindi, na ule ukurasa wa leseni akautoa nakala yake mwenyewe akaubandika ukutani.

Tulipoanza kusoma tukakutana na mifano ya soksi za wachezaji wa voliboli. Hesabu zake ni sahihi, ila hakuna kati yetu aliyewahi kuuza soksi za voliboli. Tukaiweka kando, tukaenda soko la Mgandini kwenye machungwa ya Muheza. Muuzaji alituruhusu kupima machungwa yake moja moja kwenye mizani. Tuliyochota juu ya lundo yalikuwa makubwa na yanang'aa; tulipochota katikati na chini, wastani ukashuka. Mama mmoja wa kundi letu, anayefanya biashara, akasema, "Kumbe ndiyo sampuli yenye upendeleo hii! Mimi naijua siku zote, sikujua tu ina hesabu yake." Sura ile niliiandika upya kwa machungwa, maelezo kwa Kiswahili, istilahi za Kiingereza nikaziacha kwa sababu mtihani unakuja kwa Kiingereza.

Kazi hiyo imenifanya niitazame fedha ya umma kwa jicho jingine. British Columbia ililipa mara moja: waandishi wakapata jasho lao, wahadhiri waliokipitia wakalipwa, basi. Kwetu, Bodi ya Mikopo huwapa wanaokopeshwa fedha za vitabu na viandikwa, nami naona ni jambo jema, ila fedha hiyo hurudi dukani kila mwaka kwa masomo yaleyale, na mwanafunzi atakuja kuilipa kwenye mshahara. Sehemu ndogo tu ya fedha za umma ingewalipa wahadhiri wetu kuandika kitabu kimoja kizuri cha takwimu chenye leseni huria. Pendekezo la UNESCO la Novemba 2019 linazihimiza nchi wanachama hilohilo: nyenzo za elimu zilizotengenezwa kwa fedha za umma ziwekewe leseni huria. Uwezo wa kuandika tunao. Nimesoma moduli za wahadhiri wetu zilizo bora kabisa, lakini hazisemi popote kama ninaruhusiwa kuzitoa kopi.

Toleo letu la machungwa tumeliwekea leseni ileile, majina ya waandishi wa kwanza yako mbele, na faili yuko nayo mkutubi. Wanafunzi wa uuguzi wameshaomba sura ya sampuli. Wanataka kuondoa machungwa waweke uzito wa watoto wa kliniki, na nimewaambia waendelee, hawahitaji ruhusa yangu.